Tela lipi nyuma ya pikapu: la kilo 750, la tani moja na nusu, au la ekseli mbili?

Tela langu la kwanza lilikuwa la bluu. Fundi alipomaliza kulipaka rangi alipiga bodi kwa kiganja, akaniambia, "Hili linabeba tani mbili, bosi, wala usiulize." Nami sikuuliza. Miezi michache baadaye nikapita kwa wanunuzi wa chuma chakavu wenye mizani ya kusimamishia mzigo mkubwa, nikaomba nilipime likiwa tupu. Kilo 430. Hapo ndipo maswali yakaanza. Ekseli ilikuwa imetolewa kwenye gari dogo, matairi ni ya inchi 13, breki hakuna. Tela la vifaa hivyo, pamoja na mzigo wake, halitakiwi kuzidi kilo 750. Toa 430, unabaki na 320. Gunia tatu za mahindi! Nililipia tela la tani mbili nikapewa toroli.

Basi kama unataka kununua au kutengenezesha tela la kuvutwa na pikapu, anza na namba tatu. Ya kwanza ni uzito wa jumla, yaani tela na kila kilichomo, kwa kiwango ambacho ekseli, matairi, springi na breki vinaweza kuhimili. Ya pili ni uzito wa tela likiwa tupu. Ukitoa ya pili kwenye ya kwanza unapata ya tatu, ambayo ndiyo mzigo wako. Wauzaji wengi hutaja ya kwanza kana kwamba ni ya tatu, na mafundi wengi wa mtaani hawana hata moja kati ya hizo. Wana kiganja na bodi.

Matela ya pikapu yanayoonekana huku kwetu yanaangukia makundi matatu. Namba za hapa chini ni za tela lililotengenezwa kwa akili, chuma kikiwekwa mahali pake. Saruji nimehesabu mfuko wa kilo 50, mahindi gunia la kilo 100, mchanga ndoo ya lita 20.

| | Ekseli moja, bila breki | Ekseli moja, yenye breki | Ekseli mbili, zenye breki |
|---|---|---|---|
| Uzito wa jumla | kilo 750 | kilo 1,500 | kilo 2,700 |
| Tupu | 250–300 | 400–450 | 700–800 |
| Mzigo | 450–500 | 1,050–1,100 | 1,900–2,000 |
| Saruji | mifuko 9 | mifuko 21 | mifuko 38 |
| Mahindi | gunia 4 | gunia 10 | gunia 19 |
| Mchanga mkavu | ndoo 14 | ndoo 33 | ndoo 59 |

Gunia hilo ni la kilo 100 kweli. Ukipakia lumbesa, hesabu imeharibika kabla hujawasha gari.

Utajiuliza mbona mchanga umekuwa ndoo 14 tu. Ndoo ya lita 20 ya maji ina kilo 20. Ndoo hiyohiyo ikijaa mchanga mkavu inafika kilo 32 hivi, na mchanga uliolowa unazidi hapo. Sasa chukua bodi ya kawaida ya urefu wa mita 2.4, upana mita 1.2, kimo sentimita 40, ile inayotoka kwenye bati zima la futi nane kwa nne. Ijaze mchanga mpaka ukingoni: ni zaidi ya kilo 1,800. Bodi hiyohiyo unaikuta juu ya tela la kilo 750 na juu ya tela la tani moja na nusu, na kwa macho hayatofautiani. Kwenye lile dogo, mchanga unaoruhusiwa una kina cha sentimita 10, upana wa kiganja, sakafu nzima. Kibarua mwenye sepetu hawezi kuamini kwamba tela limejaa, na usipokuwepo hataacha kupakia.

Mizigo mingine inadanganya kwa namna yake. Lile tangi la plastiki la lita 1,000 lenye kizimba cha chuma, ambalo kila mwenye bustani ya nyanya analitaka, lina kilo 60 hivi likiwa tupu na 1,060 likijaa. Tela la tani moja na nusu linalibeba, kwa shida kidogo. Lile la kilo 750 halilibebi, na wala usijaribu kulijaza nusu ukidhani umepunguza hatari. Maji ya nusu tangi yanakimbia mbele na nyuma kila ukikanyaga breki, yanakimbia kulia na kushoto kila ukikata kona. Ng'ombe naye ni hivyohivyo. Wa kienyeji ana kilo 250 hadi 300 na hasimami mahali ulipomweka.

Kuhusu uzito mtupu, hapa ndipo pesa inapotea kimyakimya. Mafundi wetu wanaamini chuma kizito ndicho chuma kizuri, na mteja naye akiona chaneli nene, kile chuma cha umbo la U, anatabasamu. Lakini bati la futi nane kwa nne lenye unene wa milimita 3 lina kilo 70. La milimita 2 lina 47. Bodi yetu ya hapo juu inakula mabati mawili, moja la sakafu na jingine la kuta. Ukitoka milimita 3 kwenda 2 umeokoa kilo 46, karibu mfuko mzima wa saruji, kila safari, maisha yote ya tela. Skwea paipu ya 50 kwa 50 yenye unene wa milimita 3 ina kilo 26 hivi kwa urefu wa mita 6, wakati chaneli ya milimita 100 kwa urefu huohuo inavuka kilo 60. Kwa tela la kilo 750 skwea paipu inatosha kabisa. Chaneli iache kwenye shingo ya tela kubwa, pale panapovutwa, na mahali springi zinapofungwa. Sakafu ya bati jembamba huimarishwa kwa kuongeza vipande vya kupita chini yake, kila sentimita 40, badala ya kunenepesha bati zima. Mwambie fundi hivyo mapema, maana akishakata hasikii.

Matairi yana namba yake pembeni, ndogo, na watu wanaipita. Tairi la gari dogo la inchi 13 lenye namba 79 linaruhusiwa kubeba kilo 437. Mawili yanakupa 874, yanatosha tela la kilo 750 na hayatoshi kitu kingine. Tairi la 185R14C lenye 102 linabeba kilo 850. Mawili ni 1,700, na hilo ndilo la tela la tani moja na nusu. Kama ni la mtumba, tafuta tarakimu nne za tarehe: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tela hukaa muda mrefu bila kutembea, na tairi lake huzeeka kwa jua kuliko kwa barabara. Jambo jingine dogo lenye faida kubwa: kama unavuta na Hilux, agiza habu, pale tairi linapofungwa, za nati sita zinazolingana na za gari. Siku ya pancha tairi la akiba la gari linaingia kwenye tela, ilimradi kipenyo chake hakitofautiani sana na cha mwenzake.

Sasa breki. Mpaka wa kilo 750 sikuubuni mimi. Ulaya, Australia na Afrika Kusini wote wamesimama hapohapo: tela likizidi kilo 750 liwe na breki zake. Watengenezaji wa magari nao wanafuata. Hilux na Land Cruiser za 79 zimeandikiwa kilo 750 kwa tela lisilo na breki, ingawa kwa tela lenye breki zinafika mbali. Marekani majimbo yana sheria tofautitofauti, mengi yakianzia pauni 3,000, na ndiyo sababu matela mengi madogo ya huko yameandikwa pauni 2,990, kama kilo 1,356. Ukiletewa tela la namna hiyo na ndugu aliyeko Marekani usishangae kuliona zuri, jipya, na halina breki.

Anayeishi nchi tambarare anaweza kubishana nami. Mimi nikitoka Mafinga kwenda Morogoro lazima nishuke mlima Kitonga. Pale tela lisilo na breki linakusukuma. Gari lako linasimamisha uzito wake na uzito wa tela kwa breki zilezile nne, moto unapanda, kanyagio linashuka, na kwenye kona tela linataka kukupita. Tela la tani moja na nusu lenye breki hutumia mtambo rahisi tu: unapopunguza mwendo tela linalisukuma gari, shingo inajifinya, waya unavutwa, breki za tela zinakamata. Hazihitaji umeme wala kuunganishwa na breki za gari. Kasoro yake ni kurudi nyuma. Ukilisukuma tela mlimani linadhani unafunga breki, nalo linajibana. Matela mapya yana namna ya kujiachia, ya zamani yana kipini unachokishusha kwa mkono. Ekseli yenye breki inakuja na gharama kubwa kuliko ile ya bila breki, sitaficha. Kwangu mimi ndiyo tofauti kubwa kati ya safu ya kwanza na ya pili ya lile jedwali, na ndiyo pesa ambayo nisingeibana.

Kosa jingine la mafundi ambalo halionekani kwa macho ni mahali pa ekseli. Wanaiweka katikati kabisa ya bodi, kama mzani wa dukani, kwa sababu inapendeza na tela tupu linanyanyuka kwa kidole. Mzigo ukisambazwa sawasawa unalala wote juu ya ekseli na shingo haipati kitu. Ukiweka magunia mawili zaidi nyuma, shingo inataka kupaa, inalinyanyua gari kwa nyuma, na ukifika kilomita 70 kwa saa tela linaanza kutikisa mkia. Likishaanza, achia mafuta taratibu. Usikate usukani, na breki za gari usizikanyage kwa nguvu.

Shingo inatakiwa ibebe asilimia 7 hadi 10 ya uzito wa jumla. Wamarekani hupendelea 10 hadi 15, watu wa Ulaya huridhika na pungufu. Kwa bodi ya mita 2.4 yenye shingo ya mita 1.2, ukiweka ekseli mita 1.44 kutoka mbele ya bodi, sentimita 24 nyuma ya katikati, mzigo uliosambaa unaweka asilimia 9 hivi kwenye shingo. Mpe fundi namba hiyo kwa chaki kwenye sakafu ya karakana yake. Kupima ni rahisi: pakia, ondoa tela kwenye gari, laza shingo juu ya kipande cha mbao kilichosimama kwenye mizani ya kupimia mwili. Kwa tela la kilo 750 utafute 50 hadi 75; kwa la tani moja na nusu, 105 hadi 150, na hapo uhakikishe mizani yenyewe inafika huko.

Pale linapoungana na gari kuna kirungu cha chuma upande wa gari na kikombe upande wa tela. Kirungu cha Ulaya na Afrika Kusini ni cha milimita 50. Cha Marekani ni cha inchi 2, sawa na milimita 50.8. Tofauti haifiki hata milimita moja, na inatosha kuua. Kikombe cha inchi 2 juu ya kirungu cha 50 kinacheza, na kwenye tuta kinaweza kuchomoka. Kikombe cha 50 juu ya kirungu cha inchi 2 hakifungi mpaka mwisho. Soma namba iliyochapwa juu ya vyote viwili. Na minyororo ya usalama ipite chini ya shingo ikipishana kama msalaba, shingo ikichomoka idakwe kabla haijachimba lami.

Hadi hapa unaweza kudhani jibu ni safu ya tatu, ekseli mbili, tumalize. Nilidhani hivyo. Tela la ekseli mbili lina utulivu wa ajabu barabarani, tairi moja likipasuka yale matatu yanakufikisha penye fundi, na mashimo linayapita kama mashua. Lakini angalia gari lako. Hilux ya karibuni yenye injini ya 2.8 na magurudumu manne ya kuvuta imeandikiwa kuvuta hadi kilo 3,500; za zamani nyingi ni 2,500. Namba hiyo ni ya gari likiwa karibu tupu. Huko Australia, ambako wanapenda sana mambo haya, Hilux hiyo imepewa uzito wa jumla wa gari na tela pamoja wa kilo 5,850. Gari lenyewe ni kilo 2,100 na ushee. Ukifunga tela la kilo 3,500 unabaki na kilo 240 hivi za dereva, abiria, vifaa na kila kitu kilicho nyuma ya pikapu. Watu watatu wanene, basi. Ule mtindo wetu wa kujaza pikapu kisha kufunga tela haumo kwenye kitabu cha gari.

Mimi nina kanuni yangu ya barabara za milima na vumbi: tela lililojaa lisizidi uzito wa gari linalolivuta. Kwa Hilux ni tani mbili hivi. Maana yake tela la ekseli mbili la kilo 2,700 unalivuta bila kulijaza, huku ukibeba kilo 750 za chuma chake bure, ukilipia matairi manne, na kuyaona yakisuguana na ardhi kila ukikata kona kali ya kuingia shambani. Kwa Land Cruiser 79 mambo yanabadilika kidogo. Mwenye Canter hana haja ya kusoma makala hii.

Kwa hiyo kwa pikapu na kazi mchanganyiko, saruji wiki hii, mahindi wiki ijayo, tangi la maji kiangazi, nachukua la ekseli moja la tani moja na nusu lenye breki, na kazi ikizidi napiga safari mbili. La kilo 750 ni la mwenye gari dogo lenye kitabu kinachoruhusu kuvuta, au mwenye mizigo mepesi: mkaa, majani, samani, matenga ya kuku. La ekseli mbili ni la anayebeba kitu kilekile kizito kila siku, kama mashine au jenereta, kwenye lami, na gari zito mbele.

Mwenye trekta asinunue lolote kati ya haya. Trekta la nguvu farasi 50, tuseme Massey Ferguson 240, linataka tela lake la tani tatu, na hapo ushauri unageuka: chukua la ekseli moja iliyosogezwa nyuma, kwa sababu shingo yake inakandamiza magurudumu ya nyuma ya trekta na kwenye tope trekta linapata meno. Tela la ekseli mbili, ya mbele ikigeuka kama ya mkokoteni mkubwa, linajibeba lenyewe lote na trekta linabaki jepesi likizungusha magurudumu hewani. Wakulima wa mpunga wanalijua hili kuliko mimi.

Karatasi nisizisahau: tela lina namba yake ya usajili, si ile ya gari. Kenya zinaanzia na Z. Uliza usajili kabla ya kulipa, kwa sababu fundi wa mtaani akishapokea salio hayumo tena kwenye mazungumzo. Mimi siku hizi salio nalimalizia kwenye mizani ya chuma chakavu, tela likiwa juu ya mizani na fundi yuko pembeni anasoma namba pamoja nami.

Lile la bluu bado ninalo. Linabeba robota 20 za majani makavu ya ng'ombe, kila moja kilo 15, zimepangwa kupita bodi na kufungwa kamba. Kilo 300. Nikipita nalo barabarani watu wanadhani nimepakia kupita kiasi.